Perdono: Neno la Kiitaliano lililonifuata hadi kwa susu, Mbumbuni

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, Jumanne moja ya Novemba mwaka jana. Ulitoka kwa mjomba. Neno moja tu: "Sori."

Hakuna maelezo. Hata emoji ya mikono iliyoungana hakuna. Nikaufungua, tiki mbili zikageuka buluu, nikaweka simu kifudifudi na kuendelea na shughuli zangu. Kama wewe ni kijana wa mjini, hiyo lugha unaielewa. Tiki buluu bila jibu ni kusema, "Nimekusikia, na bado sina neno kwako."

Wacha nikupe hadithi kwa ufupi. Miaka sita iliyopita nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo ikakwama, kina mama wakafanya harambee nyumbani kwa susu, Mbumbuni. Kama hupajui, Mbumbuni ni soko la upande wa Mbooni, kaunti ya Makueni, kwenye nchi ya vilima vilivyokatwa matuta na mito ambayo muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu. Hapo watu hawana pesa za kuchezea. Mama mmoja alitoa kuku. Mwingine alileta debe la nzuu, zile mbaazi zetu, likapigwa mnada. Jumla ikafika shilingi 84,000. Mjomba ndiye alikuwa mweka hazina.

Pesa hazikufika chuoni. Mjomba alikuwa na madeni yake. Mimi nilijua siku ya mtihani, jina langu lilipokosekana kwenye orodha. Sikurudi tena darasani, na sikumtukana mjomba. Nilimnyamazia tu, miaka sita.

Wiki moja baada ya ile "sori", susu akapiga simu. "Krismasi unakuja. Mjomba wako anataka kuketi na wewe." Nikamwuliza kwani ni lazima. Susu akanyamaza. Kama una nyanya Mkamba, unajua kunyamaza kwake ni jibu tosha.

Ndani ya matatu kutoka Machakos, niliyekuwa namuwaza si mjomba hasa. Nilikuwa nawaza neno. Na ajabu, halikuwa la Kikamba wala la Kiswahili. Lilikuwa la Kiitaliano.

Chuo changu cha pili

Usishangae. Baada ya kuacha masomo nilienda Malindi kutafuta kazi, nikapata jikoni kwenye mkahawa mmoja uliojaa wateja Waitaliano. Pwani ile, kuanzia Malindi hadi Watamu, Waitaliano si wageni wa jana. Tangu miaka ya 1960 walikuwa na kituo chao cha kurusha setilaiti baharini, San Marco, karibu na Malindi. Wakaja watalii, wengine wakajenga, wakazeeka huko huko. Leo utakuta kijana Mgiriama ambaye hajawahi kupanda ndege akikupigia Kiitaliano kama amezaliwa Roma.

Wiki yangu ya kwanza ya kuhudumia meza, nilimwagia mteja mchuzi wa nyanya kwenye shati jeupe. Nilikuwa nimeshika maneno machache tu, nikaropoka lile lililonijia: "Perdono! Perdono!" Mteja akacheka. Mpishi wetu, mzee wa Malindi aliyekaa na Waitaliano miaka mingi, akaniita pembeni. "Kijana, hapo sema *scusi*. Perdono si ya mchuzi."

Siku hiyo ndiyo nilianza kusoma kweli. Mzee alinifundisha kwamba Mwitaliano ana ngazi za maneno haya, na kila moja ina kazi yake.

Ngazi ya chini kabisa ni *permesso*. Unataka kupita katikati ya watu, unasema permesso. Unaingia kwa mtu, hata mlango ukiwa wazi, unasimama kizingitini na kusema permesso. Ni hodi yao, na karibu yao ni *avanti*. Hapo hujakosa lolote bado. Unaomba ruhusa ili usije ukakosa.

Ngazi ya pili ni *scusa*. Ukiongea na mtu mzima au usiyemjua inakuwa *scusi*, manake heshima kwao inakaa ndani ya kitenzi. Neno hili limetoka Kilatini, na ukilifungua ndani unakuta "kesi" au "shtaka". Kumwomba mtu scusa ni kama kumwambia: nitoe kwenye hii kesi. Umemkanyaga mtu, umechelewa dakika kumi, umemwaga mchuzi. Kesi ndogo, inafutwa hapo hapo.

Ngazi ya tatu ni *mi dispiace*. Kwa maana ya neno kwa neno ni kwamba jambo fulani halinipendezi, linaniuma. Utamwambia mtu aliyefiwa, ingawa si wewe uliyeua. Hii ni binamu wa "pole" yetu. Na hapa sisi tuko vizuri, bana, kwa sababu Kiswahili kilitenganisha mambo haya zamani. Pole ni ya kuhisi uchungu wa mwenzako. Samahani ni ya kukiri kwamba uchungu umetoka kwako. Tatizo ni kwamba siku hizi tumezitupa zote ndani ya gunia moja linaloitwa "sori". Umefiwa? Sori. Nimekukanyaga? Sori. Nimekula karo yako? Sori.

Halafu juu kabisa, peke yake, kuna *perdono*.

Neno moja, maana tatu

Ndani ya perdono kuna *dono*, yaani zawadi. Mwanzo wake, ile *per*, unaongeza nguvu: kutoa kabisa, kutoa hadi mwisho. Kwa hivyo mtu anayesamehe kwa Kiitaliano anatoa zawadi nzima. Na zawadi, kama unavyojua, haidaiwi. Hakuna mtu anayekupigia simu kukuuliza zawadi yake ya birthday iko wapi, au akikuuliza basi hiyo si zawadi tena, ni ushuru.

Mzee alinionyesha kitu kingine ambacho kilinipiga. Perdono ni nomino, yaani "msamaha". Lakini pia ni kitenzi, nafsi ya kwanza umoja: "ninasamehe". Herufi zile zile, matamshi yale yale. Ukilisema, huwezi kujificha nyuma ya wengine. Si "tunasamehe", si "familia imesamehe". Ni mimi.

Sasa sogeza mkazo. Ukilikazia mwanzoni, *pèrdono*, maana inabadilika kabisa. Linatoka kwenye kitenzi kingine, na linakuwa "wanapoteza" au "wanashindwa". Ni vitenzi viwili tofauti, vimekutana tu kwenye maandishi. Lakini mimi nilipokuwa nikiosha sahani nililitafuna hilo sana. Kwa sababu ukweli ni kwamba ndivyo nilivyokuwa nikiuona msamaha: ukisamehe, umeshindwa. Mjomba anatoka na 84,000, na wewe unatoka na nini?

Sista aliyesema mara tatu

Kama nawe unafikiri hivyo, kuna mwanamke lazima nikujuze. Alikuwa Mwitaliano, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ya hapa kwetu.

Sista Leonella Sgorbati alizaliwa 1940 kwenye mkoa wa Piacenza, kaskazini mwa Italia. Akawa mtawa wa Consolata, jina lile lile la wamisionari waliofika Kenya 1902 na ambao hospitali na shule zao bado zipo Nyeri na kwingineko. Yeye alifika Kenya 1970. Alikuwa muuguzi na mwalimu wa wauguzi. Alifanya kazi Mathari, Nyeri, na Nazareth, Kiambu. Huenda nesi aliyekuzalisha, au aliyemfundisha nesi huyo, alipitia mikononi mwake.

Mwaka wa 2001 akaenda Mogadishu. Kumbuka Somalia ya wakati huo: hakuna serikali ya maana, bunduki kila kona. Alikwenda kuanzisha shule ya uuguzi kwenye hospitali ya SOS, na wauguzi wa kwanza wakahitimu 2006.

Mwaka huo huo, Septemba 17, alikuwa akitoka hospitalini kwenda nyumba waliyoishi masista, ng'ambo tu ya barabara. Wakampiga risasi. Mlinzi wake, Mohamed Mahamud, Mwislamu na baba wa watoto wanne, alijaribu kumkinga, akauawa naye. Sista alikimbizwa ndani akiwa bado na pumzi. Masista wenzake waliokuwa karibu naye walisema maneno yake ya mwisho yalikuwa hayo hayo, mara tatu: perdono, perdono, perdono.

Alikuwa na miaka 65. Mei 26, 2018, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri, huko Piacenza alikotoka.

Sasa hebu tulia hapo kidogo. Hakuna aliyekuwa amemwomba msamaha. Hakuna aliyetuma "sori". Huenda hata hakuwaona vizuri waliompiga. Alisema kitenzi chake cha nafsi ya kwanza bila kungoja upande ule mwingine. Na alikisema mara tatu, kama mtu anayehesabu pesa mkononi mwa mwingine ili kusiwe na ubishi baadaye.

Mimi si mtakatifu, na sikuombi uwe. Nakuonyesha tu kwamba mtu aliyekuwa na haki zote za kuondoka na hasira duniani aliona heri aiache hapa.

Kusamehe si kufungua jela

Najua unachosema sasa. "Kwa hivyo watu watukosee tu, sisi tuwe tunatoa zawadi?"

Hapana. Na Waitaliano wenyewe wana mfano mzuri. Mei 13, 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro na Mehmet Ali Ağca, raia wa Uturuki. Siku nne baadaye, akiwa bado kitandani hospitalini, Papa alisema amemsamehe. Desemba 27, 1983, akaenda gereza la Rebibbia mjini Roma, akaketi naye viti viwili vimekaribiana, wakaongea chini chini. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Lakini baada ya mazungumzo, Papa aliondoka na Ağca akabaki ndani. Alikaa jela Italia hadi 2000, rais wa nchi hiyo alipompa msamaha wa kisheria, kisha akarudishwa Uturuki kutumikia kifungo kingine.

Papa alitoa kilicho chake. Jela haikuwa yake kufungua. Mtu anaweza kukusamehe na bado ukalipa.

Mfano wa pili unatoka kwenye kitabu. Kama sisi tulivyobebeshwa *Chozi la Heri* shuleni, wanafunzi wa Italia hubebeshwa *I promessi sposi*, riwaya ya Alessandro Manzoni ya karne ya 19. Ndani yake kuna kijana aliyemuua mtu kwenye ugomvi wa kijinga barabarani, nani ampishe nani njia. Fikiria madereva wawili wa matatu pale Muthurwa. Kijana anabadilika, anakuwa mtawa, anaitwa Padre Cristoforo. Kabla ya lolote, anaenda nyumbani kwa kaka wa marehemu, anapiga magoti mbele ya ukoo mzima na kuomba msamaha. Wanampa. Wanataka kumkaribisha karamu, anakataa, anaomba mkate mmoja tu uwe alama kwamba amesamehewa. Anakula kidogo, anachotunza kinabaki naye maisha yote ndani ya kisanduku, hadi mwisho wa hadithi anapowaachia vijana wawili wanaotaka kuoana.

Ukiona vizuri, yule alienda mwenyewe, kwa miguu yake. Alitaja kosa mbele ya watu waliolijua. Na wakala kitu. Ukiwauliza wazee wa Ukambani, watakuambia hiyo ni habari ya kawaida tu, isipokuwa badala ya mkate kungekuwa na mbuzi.

Na sisi je?

Kikamba kina neno lake, na ni zuri kuliko nilivyojua nikiwa mdogo. *Kũeka* ni kuacha. Ukiongeza kipande kidogo mwishoni unapata *kũekea*, kumwachia mtu. Hiyo ndiyo kusamehe. Wakikuyu wana yao iliyo ndugu kabisa, kũreka na kũrekera. Picha ni ya mkono uliokunjwa ngumi halafu unafunguka. Lakini huwezi kuachia kitu ambacho hukukishika. Lazima kwanza ujue kilicho mkononi ni nini na kina uzito gani.

Kiswahili kilichukua "samehe" kutoka Kiarabu, kwenye shina lenye harufu ya ukarimu, karibu sana na ile dono ya Waitaliano. Na tuna "niwie radhi", ambayo ukiisikiliza ni ombi la kina: kuwa na moyo ulioridhika juu yangu. Si kwamba nifutie kesi tu. Ridhika. Ndiyo maana mzazi akikunyima radhi, hata pesa zikujae hulali.

Sasa pima maneno hayo na tunavyofanya hapa nchini. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba msamaha kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani, na akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa. Mei 28, 2025, Rais William Ruto, kwenye maombi ya kitaifa, aliomba msamaha kwa majirani zetu na kwa vijana, kama kuna mahali walikosewa. Wengine walipiga makofi. Wengine wetu mtandaoni tuliuliza: kama?

Hilo neno dogo "kama" ndilo tatizo lote. Juni 2024 vijana waliuawa kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha. Kuna mama ambaye chumba cha mwanawe bado hakijaguswa. Yeye ndiye mwenye kile kitenzi cha nafsi ya kwanza. Askofu hawezi kukisema kwa niaba yake, mbunge hawezi, wewe na mimi na data zetu hatuwezi. Na hawezi kuachia kitu ambacho mkosaji anakataa kukitaja kwa jina. Kumwambia "tusonge mbele" kabla ya hapo ni kudai zawadi kwa nguvu.

Chini ya mwembe

Krismasi ilifika. Makueni wakati huo ni maembe kila mahali. Susu alituweka viti viwili chini ya mwembe, yeye akakaa kwenye kigoda katikati. Mjomba amezeeka kuliko nilivyokumbuka. Akaanza, "Mjomba, mimi nasema tu sori kwa yale..."

Susu akamkata. "Taja."

Mjomba akatazama chini. Susu akarudia, "Taja. Atakuachia nini kama hujasema ulichobeba?"

Basi akataja. Elfu 84. Alisema ni siku gani alizitoa benki. Alisema zilienda kulipa mkopo wa pikipiki ambayo baadaye ilichukuliwa hata hivyo. Akataja yule mama wa kuku, na yule wa nzuu. Akasema alijua tarehe ya mtihani wangu. Hapo sauti ikamkwama, na mimi pia, si uongo.

Unataka kujua kama nilimsamehe siku hiyo? Hapana. Nilimwambia, "Nimekusikia, mjomba." Ndiyo nilikuwa nayo. Susu hakunisukuma. Aliingia ndani akatoka na muthokoi, sahani moja kubwa, vijiko viwili, akatuacha. Tulikula bila maneno mengi. Tulipomaliza, mjomba akasema atakuwa akinitumia elfu mbili kila mwezi.

Januari tarehe tano, M-Pesa ikaingia. Februari tarehe tano, ikaingia tena. Nilikuwa Nairobi, kwenye foleni ya chapati, nikasimama nikiangalia ile meseji. Nikagundua kwamba kwa muda wa kama wiki mbili sikuwa nimemfikiria kwa hasira hata mara moja. Sijui ilikuwa imeondoka lini.

Nikafungua WhatsApp. "Sori" yake ya Novemba ilikuwa bado pale, peke yake, bila jibu. Nikaandika chini yake: "Nimekusamehe, mjomba." Nafsi ya kwanza, umoja. Sikuongeza emoji.

Tiki zikageuka buluu. Hakuandika kitu. Dakika mbili baadaye simu ikalia, na tukaongea mambo ya mvua.

Deni bado analipa. Mwezi huu pia alituma. Sijamwambia aache, na yeye hajaniuliza.

Kwa hivyo wewe, uliye na "sori" ya mtu imelala kwenye simu yako tangu mwaka juzi: sikuambii umjibu leo. Lakini unaweza kumwambia alichoambiwa mjomba: taja. Na kama ni wewe uliyetuma hiyo "sori", funga simu, panda matatu, uende ukapige hodi.